Tozo ya miamala ya simu: Tanzania ilipotoza safari ya pesa

Tarehe 15 Julai 2021, Mtanzania aliyetuma au kutoa pesa kwa simu alikuta makato mapya kwenye ujumbe wake wa muamala: tozo ya Serikali. Ilianzia Sh10 na kufika Sh10,000 kwa muamala mmoja, kulingana na kiasi kilichotumwa au kutolewa, na ilikaa juu ya ada ya kawaida ya mtandao wa simu, ambayo nayo tayari ilikuwa na kodi ndani yake. Waziri wa Fedha na Mipango, Mwigulu Nchemba, aliitangaza kwenye hotuba ya bajeti mwezi Juni, na Bunge likaipitisha ndani ya Sheria ya Fedha ya mwaka huo kwa kurekebisha Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu mjadala wa malipo bila fedha taslimu na ukuaji wa uchumi huwa unaelea hewani. Nchi zinazolipana kwa simu na kadi mara nyingi ndizo zinazokua, lakini nani anajua kipi kimemvuta mwenzake? Hapa tuna hali adimu. Watu walikuwa wale wale, simu zile zile, mawakala wale wale. Kilichobadilika usiku mmoja ni gharama ya kusogeza pesa. Halafu ndani ya miaka miwili gharama hiyo ikashushwa, ikapanuliwa hadi benki, ikapunguzwa tena, na sehemu yake ikafutwa. Anayetaka kuona malipo ya kidijitali yanafanya nini ndani ya uchumi, aangalie yalipoguswa.

Turudi nyuma kidogo. Vodacom ilileta M-Pesa Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Safaricom kuianzisha Kenya. Utafiti wa FinScope wa mwaka 2009 ulikuta ni asilimia 16 tu ya watu wazima waliokuwa wakitumia huduma rasmi za fedha. Mwaka 2017 walikuwa asilimia 65. Ongezeko hilo halikuletwa hasa na matawi ya benki vijijini. Kilichofanya kazi ni kibanda cha wakala chenye mwavuli, simu mbili tatu na daftari. Mwaka 2014 mitandao ilianza kuunganishwa ili mteja wa Tigo aweze kumtumia wa Airtel moja kwa moja, jambo ambalo nchi nyingi zenye uchumi mkubwa kuliko wetu zilikuwa hazijalifikia.

Kabla ya hapo pesa ilisafiri ndani ya bahasha aliyopewa kondakta wa basi, au ndani ya soksi ya mfanyabiashara. Watafiti wawili, Nicholas Economides na Przemyslaw Jeziorski, walichambua miamala ya simu ya Tanzania na wakapata kipimo ambacho naona kila mtunga sera angekibandika ukutani: watu wako tayari kulipa kama asilimia 1.25 ya pesa yao ili tu wasitembee nayo mkononi kilomita moja zaidi. Hiyo ndiyo thamani ya usalama na wepesi, iliyopimwa kwa matendo ya watu wenyewe. Kipimo hicho kina upande wa pili. Gharama ya muamala ikiipita thamani hiyo, mtu anabeba pesa yake na kutembea.

Serikali haikuleta tozo kwa kukomoa watu. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa ameingia madarakani Machi mwaka huo, uchumi ukiwa umepigwa na Uviko, watalii wamepungua, miradi mikubwa ikidai fedha. Wigo wa kodi nchini ni mwembamba. Sehemu kubwa ya Watanzania wanafanya kazi kwenye sekta isiyo rasmi, nje ya kodi ya mshahara. Na hapo hapo palikuwa na mfumo mmoja unaopitiwa na karibu kila mtu, wenye kumbukumbu za kompyuta, unaokusanya wenyewe bila kutuma ofisa hata mmoja mtaani. Ukiwa Hazina, macho yako yataenda huko.

Na pesa ilipatikana. Katika wiki nne za mwanzo zilikusanywa Sh48.4 bilioni. Serikali ilieleza matumizi yake waziwazi: Sh22.5 bilioni zijenge vituo vya afya 90 kwenye tarafa, yaani Sh250 milioni kila kimoja, na Sh7 bilioni zikamilishe maboma ya madarasa 560. Anayeijua tarafa isiyo na kituo cha afya, mahali mjamzito anapopandishwa bodaboda usiku kwenye barabara ya mashimo, hawezi kuzibeza fedha hizo. Mimi sizibezi. Swali langu ni zilitoka wapi, na zilipotoka palibaki nini.

Kilio kilianza siku ile ile. Ukipita vibanda vya mawakala siku za mwanzo ulikuta watu wamesimama na simu mkononi wakipiga hesabu kwanza. Wakala mmoja wa Mbagala niliyezungumza naye alinifungulia daftari lake, lile la kuandikia jina la mteja, namba ya kitambulisho, kiasi na sahihi. Kurasa za mwezi Juni zilijaa hadi pembeni. Za Agosti zilikuwa na nafasi wazi. “Wanakuja, wanauliza makato, wanaondoka,” alisema. “Wengine wanatoa zote kwa mpigo, wanasema bora zikae ndani.” Kwake yeye kila mteja aliyeondoka ni kamisheni iliyoondoka, na kamisheni ndiyo kodi ya fremu na ada ya mtoto.

Daftari lake halikudanganya. GSMA, chama cha kimataifa cha kampuni za simu, kilipofanya tathmini ya tozo kilikuta miamala ya mtu kumtumia mtu ilishuka kwa zaidi ya theluthi moja ndani ya miezi michache. Theluthi! Mfumo uliokuwa umekua kwa zaidi ya miaka kumi bila kurudi nyuma ulikatwa kiasi hicho kwa kipindi kisichofika hata msimu mmoja wa kilimo.

Kwa nini anguko kubwa hivyo kwa tozo ambayo kwenye viwango vya chini ilionekana ndogo? Sababu ya kwanza ni kwamba ilikatwa mara mbili. Anayetuma anakatwa, anayetoa anakatwa. Kila Mtanzania anaijua ile sauti ya mama au mdogo wake kwenye simu: “Nitumie na ya kutolea.” Desturi hiyo ina maana kwamba makato yote mawili yanaishia mfukoni mwa mtu mmoja, yule aliyeko mjini mwenye kipato. Anayetaka mama apate Sh20,000 kamili mkononi analipa ada ya kutuma, tozo ya kutuma, anaongeza ada ya kutolea na tozo ya kutolea. Na hiyo pesa si mapato mapya ya mtu yeyote. Ni mshahara ambao tayari umekatwa kodi, au faida ya genge, inayokwenda kununua dawa.

Sababu ya pili, na hapa ndipo napenda wasomaji wakae kidogo, ni mnyororo wa biashara. Chukua mchele wa Mbarali. Mfanyabiashara wa soko la Tandale, Dar es Salaam, anamtumia dalali wake aliyeko Ubaruku pesa ya kununulia mpunga. Dalali anawatumia wakulima. Mkulima anatoa sehemu awalipe vibarua waliovuna, na nyingine anamtumia mwenye trekta. Dalali huyo huyo anamlipa mwenye mashine ya kukoboa, kisha anamtumia dereva wa lori pesa ya mafuta. Gunia halijafika Tandale, na pesa ya mzigo mmoja imeshatozwa hatua baada ya hatua, iwe kuna aliyepata faida au wote wamekula hasara. Kodi ya mapato inasubiri faida ipatikane. Kodi ya ongezeko la thamani, pamoja na matatizo yake, inamruhusu mfanyabiashara aliyesajiliwa kudai alichokwisha kulipa huko nyuma. Tozo hii haikusubiri kitu wala haikurudisha kitu. Ilitoza safari ya pesa.

Mfanyabiashara wa namna hiyo ana njia mbadala. Anafunga milioni zake kwenye begi, anapanda basi la usiku la Mbeya. Anapoteza siku mbili, analala nyumba ya wageni akiwa amekumbatia begi, na anaishi na hofu ya kuvamiwa. Akirudi kufanya hivyo ni kwa sababu makato yanazidi gharama anayoiona. Gharama asiyoiona ni ya nchi: siku mbili za mtu mzima mwenye akili ya biashara zimetumika kusafirisha noti, dalali amesubiri, mashine imesimama, mzunguko uliokuwa wa saa moja umekuwa wa siku tatu. Mtaji ule ule unanunua mizigo michache zaidi kwa mwezi. Kwangu mimi uhusiano wa malipo ya simu na ukuaji wa uchumi uko hapo hasa, kwenye idadi ya mara ambazo shilingi moja inafanya kazi kabla mwezi haujaisha.

Kuna athari nyingine isiyoonekana kibandani. Pesa iliyo kwenye simu haikai kwenye simu. Kwa taratibu za Benki Kuu ya Tanzania, kila shilingi ya kielektroniki lazima iwe na shilingi halisi kwenye akaunti ya dhamana ndani ya benki ya biashara. Kwa hiyo pesa ya muuza nyanya wa Lushoto, ikiwa kwenye simu yake, ipo benki hata kama yeye hajawahi kuingia mlangoni. Kwa benki hiyo ni amana kama nyingine, na amana ndizo zinazokopeshwa. Yule mteja wa Mbagala aliyetoa zote kwa mpigo na kuziweka ndani alizitoa pia benki bila kujua. Mmoja si kitu. Wakiwa maelfu kwa maelfu, fedha inayoweza kukopeshwa inapungua.

Pamoja na amana hupotea historia. Tangu M-Pawa, huduma ya akiba na mikopo kwa simu, ilipoanza mwaka 2014, na baadaye huduma kama Songesha, Watanzania wasio na hati ya nyumba wala hati ya mshahara wamekuwa wakikopa viwango vidogo kwa kigezo kimoja: jinsi wanavyotumia simu zao kifedha. Mama lishe anayepokea na kutuma kila siku ana rekodi. Akirudi kwenye noti, rekodi inakatika, na siku akihitaji Sh50,000 ya kuongeza mtaji anaonekana kama mtu ambaye biashara yake imekufa.

Msomaji makini ataniuliza: mbona pato la taifa halikuporomoka? Ni kweli. Uchumi ulikua kwa asilimia 4.8 mwaka 2020, 4.9 mwaka 2021, 4.7 mwaka 2022 na 5.1 mwaka 2023. Hakuna shimo hapo la kulionyesha kidole. Mwaka 2022 kulikuwa na vita ya Ukraine, mafuta na mbolea vikapanda bei, na huwezi kutenganisha tozo na hayo yote kwa kutazama tarakimu moja ya mwaka mzima. Pia tusisahau kwamba fedha za tozo hazikutupwa baharini. Zilinunua saruji, nondo na mabati, zikalipa mafundi, na matumizi hayo yanahesabiwa moja kwa moja kwenye pato la taifa. Siku mbili za mfanyabiashara kwenye basi hazihesabiwi popote.

Ndiyo maana siwaamini wanaosema kila asilimia fulani ya malipo ya kidijitali inaongeza asilimia fulani ya ukuaji, kana kwamba ni kanuni ya fizikia. Ushahidi ulio imara zaidi unatoka ngazi ya kaya. Tavneet Suri na William Jack, waliofuatilia kaya za Kenya kwa miaka kadhaa, walichapisha mwaka 2016 makadirio kwamba M-Pesa ilizitoa kaya 194,000, kama asilimia 2 ya kaya za nchi hiyo, kwenye umaskini, na kwamba wanawake wapatao 185,000 waliacha kutegemea kilimo wakaingia kwenye biashara. Katika kazi yao ya awali walionyesha pia kwamba kaya zisizotumia huduma hiyo zilipopatwa na msiba, ugonjwa au mavuno mabaya zilipunguza matumizi, wakati zinazotumia hazikuyumba, kwa sababu ndugu wa mbali waliweza kutuma haraka. Mtoto haachi shule. Ng’ombe haiuzwi kwa bei ya hasara. Mambo hayo yanaingia kwenye ukuaji wa uchumi baada ya miaka, wala hayaji na jina la M-Pesa.

Jirani zetu walikuwa wameshatuonyesha njia zote mbili. Uganda iliweka asilimia 1 kwenye miamala ya simu Julai 2018. Watu walikimbia, na kabla mwaka haujaisha kodi ilishushwa hadi nusu asilimia, tena kwenye kutoa pekee. Kenya ilifanya kinyume. Machi 2020, Uviko ilipoingia, ada ya kutuma hadi KSh1,000 ilifutwa hadi mwisho wa mwaka, na Benki Kuu ya nchi hiyo ikahesabu watumiaji wapya wapatao milioni 2.8. Mfano wa Uganda ulikuwa mezani miaka mitatu kabla ya bajeti yetu. Sielewi kwa nini haukusomwa vizuri. Baada yetu Ghana nayo ilipita njia hiyo hiyo: asilimia 1.5 Mei 2022, ikashuka hadi 1 Januari 2023, ikafutwa kabisa Aprili 2025.

Serikali yetu ilisikia, na katika hili inastahili sifa zake. Mapema Septemba 2021 tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30, kikomo kikawa Sh7,000. Julai 2022 kikomo kikashuka hadi Sh4,000, lakini wigo ukapanuliwa hadi miamala ya benki, na mwezi Agosti wenye mishahara wakaamka na kukuta makato ambayo wenzao wa simu waliyazoea. Kelele za tabaka hilo zilifika haraka zaidi, ukweli usemwe. Septemba 20 waziri alisimama bungeni kutangaza kwamba kuanzia Oktoba mosi tozo ya kuhamisha fedha ndani ya benki, kati ya benki, na kati ya benki na simu imeondolewa, na kwamba anayetoa hadi Sh30,000 kwenye mashine ya ATM hatakatwa. Kisha bajeti ya 2023/24 ikafuta tozo ya kutuma kwa simu. Ya kutoa ikabaki. Bajeti hiyo hiyo iliongeza Sh100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na Sh20 kwa kilo ya saruji, maana mahitaji ya fedha hayakuwa yamekwenda popote.

Hiyo tozo ya kutoa iliyobaki ina mantiki yake. Inamwambia mtu: ukiiacha pesa kwenye mfumo hukatwi, ukiitoa unakatwa. Kwa mkazi wa Mikocheni anayelipa supamaketi, umeme na mafuta ya gari kwa simu, ujumbe umefika. Lakini nani analazimika kutoa? Ni yule aliye mahali ambapo muuza dagaa hana Lipa Namba, yaani namba ya kupokelea malipo ya wateja kwa simu, mashine ya kusaga inataka noti, na bodaboda hana chaji. Tozo ya kutoa inamfuata mtu wa mwisho kwenye mnyororo, na mara nyingi huyo ndiye mwenye kidogo kuliko wote. Ingekuwa haki zaidi kama viwango vya chini, tuseme vya matumizi ya siku moja mbili ya kaya ya kijijini, visingeguswa kabisa, kama ilivyofanyika kwenye ATM.

Juni 2025 Serikali ilipendekeza bungeni kwamba mnunuzi wa mwisho anayelipa kwa benki au njia ya kielektroniki atozwe kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 badala ya 18. Pima umbali uliosafiriwa: mwaka 2021 aliyetumia simu aliongezewa mzigo, miaka minne baadaye anapunguziwa. Wakati huo huo Benki Kuu imejenga mfumo wa taifa wa malipo ya papo kwa papo, TIPS, unaounganisha benki na mitandao ya simu, na FinScope ya mwaka 2023 ikakuta huduma rasmi zimefika asilimia 76 ya watu wazima. Mfumo ulipona.

Kitu ambacho hakijapona vizuri ni imani ya mwenye duka. Nenda Kariakoo ukanunue vitambaa vya jumla. Namba ya Lipa imebandikwa ukutani, lakini ukiuliza unaambiwa, “Kaka, kama una keshi nitakupunguzia.” Anaogopa kwamba kila kinachosoma kwenye Lipa Namba kitachukuliwa kuwa mauzo yake, na mauzo yatageuzwa kuwa mapato, wakati humo ndani kuna mtaji wa mtu aliyemuagiza mzigo na mkopo wa kikoba. Anakumbuka pia kwamba njia aliyohimizwa kuitumia ndiyo iliyotozwa baadaye. Punguzo la asilimia mbili kwenye kodi anapewa mteja. Hofu anabaki nayo muuzaji. Mpaka makadirio ya kodi yamtambue kwa faida yake na si kwa jumla ya pesa zilizopita kwenye simu yake, ataendelea kutoa punguzo lake mwenyewe kwa wenye noti, na noti zitaendelea kupanda basi la usiku.